Meno Meupe Juu ya Usaha

Ndugu zangu, nimepona, lakini nikikumbuka natema mate.

Meno yangu ya mbele yalikuwa na rangi ya chai tangu utotoni, ila yalikuwa mazima. Yalivunja mifupa na kutafuna miwa. Mimi ndiye mwimbishaji wa kwaya yetu hapa Likasi, na tulipoambiwa tutarekodi video, nikaona haya.

Jirani yangu mwenye saluni ya kucha na kope akanichombeza, "Mama Gloria, miye niko na facettes, maganda ya kubandika ku meno, porcelaine ya kweli. Utacheka sawa bibi-harusi!" Akayakwangua meno yangu kwa kimashine kilekile cha kucha, akabandika maganda meupe kwa gundi. Kwenye video nilicheka hata pasipo na kichekesho.

Kisha fizi zikavimba, zikawa zambarau. Nikizigusa kwa ulimi, damu. Ukafuata usaha wa uvuguvugu, na mezani niliumeza pamoja na bukari, ugali wetu, maana ningetemea wapi mbele ya watoto? Usiku mume wangu akavuta blanketi puani. "Weye, kuko nini mu kinywa yako? Iko inanuka!"

Nikamjibu kwamba nimefunga. Kanisani kwetu kinywa cha mtu anayefunga hunuka, na hakuna anayemwuliza. Basi nikajificha humo. Kina mama walimaliza mfungo wao, mimi nikaendelea. Wakanisifu, eti mwanamke wa maombi! Nilichefukwa na sifa zile kuliko usaha wenyewe.

Asubuhi moja shavu likafura, taya likakaza, homa ikanitetemesha. Mume wangu akasema, "Kufunga imeisha. Tuende hospitali."

Daktari wa meno, mama mmoja mkali, alichungulia akakunja uso. "Ungengojea tena, microbe ingeingia mu mufupa, kisha mu damu. Unataka kufa juu ya kucheka?"

Akayabandua maganda. Chini ya moja alikuwamo kapenta, kile kisamaki kama dagaa, ameoza, amekuwa uji wa kijivu. Muuguzi aliziba pua. Nilipojinusa mwenyewe nikatapika kwenye beseni. Meno mawili yalikuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Daktari akayang'oa, na usaha ukamwagika hadi kidevuni. Maumivu yakalegea. Nikalia kama mtoto.

Leo nina pengo na bado ninaimbisha. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru mume wangu aliyeniambia ninanuka. Facettes za kweli zipo, lakini hubandikwa na daktari wa meno, tena baada ya kutazama fizi. Fundi wa kucha mpe kucha.

Na kama kuna mama hapa anayefunga siku nyingi ili watu wasimsogelee, baada ya ibada aje kwangu, afungue kinywa. Harufu hiyo naijua, na daktari nitampeleka mwenyewe.