Majivu ya Fundi Katambuga

“Mama Makarius, hivi huyo fundi wako anashona katambuga za tairi au anafuata nyayo za ngiri?” jirani alimuuliza Pudensiana siku moja, naye akacheka tu. Tangu avunjike nyonga, mguu wake wa kushoto ulikuwa umefupika, akaacha kupeleka vipaji altareni wakati wa misa kwa hofu ya kuanguka na kikapu mbele za watu. Fundi wa pale sokoni Mamba hakumuuliza habari za nyonga. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba, akaliweka kando la lori kwa uzito wake, akachagua la Landrova. Katambuga zilipokuwa tayari akamwaga majivu chini, akasema kwa sauti ya chini, “Pita, mama, pole pole.” Akachuchumaa, akachomoa njiti ya kiberiti nyuma ya sikio, akapima kina cha kila unyayo. Wa kulia ulizama zaidi. Akabandika kipande cha mpira chini ya katambuga ya kushoto, akakichonga kwa kisu. “Pita tena.” Mara ya sita, Pudensiana akiwa na kikapu cha mpunga mikononi kama anayepeleka vipaji, nyayo zikalingana. “Mungu ashukuriwe,” alisema, akashusha pumzi, akainama kuchukua ufagio wa fundi ayafagie majivu. Fundi akamzuia.

“Mama, naomba usiyafagie kwanza. Niache niyatazame kidogo.”