Siku Inshallah Ilipopigwa Marufuku

Jamani, shule ya Kiislamu kupiga marufuku neno "inshallah" mmewahi kuisikia wapi? Mimi ilinikuta kazini.

Mkuu wetu mpya alikuja na maadili yake, akayabandika kwenye ukuta wa chumba cha walimu. La kwanza, Shura, yaani kushauriana. Basi akashauriana na nafsi yake, wakakubaliana.

Balaa lilianzia kwa mwalimu wa Hesabu, mgeni kutoka nchi ya mbali.

"Jumamosi utasimamia mtihani?" Mkuu akamuuliza mbele yetu.

"Inshallah," akajibu, mkono kifuani.

Sasa sisi wenyeji tunajijua. Kwetu mtu akikwambia atafika inshallah, usihangaike kubandika chai. Mkuu akasikia "siji". Akampanga mwingine, kisha akatangaza kuwa mkataba wa mgeni ukiisha ndiyo basi. Eti hana Amana, yaani uaminifu, adili la pili.

Jumamosi, aliyetangulia getini ni nani? Mwalimu wa Hesabu. Aliyepangwa hakutokea kabisa.

Mkuu akubali kosa? Thubutu! Akalipiga marufuku neno.

"Lakini Mkuu, hilo tumefundishwa kulisema," ustadhi wa dini akalalamika.

"Semeni kimoyomoyo."

Tulicheka, ila iliniuma. Yule bwana ana mke na watoto, na alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye boksi kimya kimya.

Jumatatu akaja mwenyekiti wa bodi. Tukamsindikiza hadi kwenye gari, Mkuu mbele, mimi nyuma na mafaili.

"Mheshimiwa, na mkataba wangu mtauendeleza?" Mkuu akamuuliza.

"Inshallah," mwenyekiti akasema, akapandisha kioo.

Mkuu akanigeukia. Mwenyekiti anatoka nchi moja na mwalimu wa Hesabu.

"Niitie yule mgeni! Haraka!"

Akaja na boksi lake.

"Mwalimu wangu," Mkuu akaanza. Wake tangu lini? "Kwenu inshallah maana yake nini?"

"Ni ahadi, Mkuu. Ukishamtaja Mungu, unatimiza."

Mkuu akashusha pumzi.

"Ila mwenyekiti ameishi hapa miaka mingi," mgeni akaongeza kwa upole. "Siku hizi anaongea kama nyinyi."

Nikajifanya nakohoa.

Mkuu akaliangalia lile boksi. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaonja alichompikia mwenzake.

"Rudisha vitabu darasani. Mkataba wako upo. Kesho utakuja?"

"Naruhusiwa kulisema?"

"Lisem— sema tu, bwana!"

"Inshallah."

Kesho yake mwalimu alifika kabla ya kengele. Mkuu mpaka leo anasubiri jibu la mkataba wake.

Funzo? Wewe kiongozi wa watu wa mataifa mbalimbali, kabla hujabandika maadili ukutani, muulize mwenzako alimaanisha nini. Bodi nayo ina lugha yake.