Mkono Ulioniwekea L

Sikulazimishi uniamini. Mama yangu alikuwemo garini, kiti cha nyuma, na ukimuuliza leo atakueleza hivi hivi ninavyokueleza, ila yeye atalia.

Kazi yangu ni lori. Miaka mingi nimebeba kahawa vijiji vya huku juu, Mapera na kwingine, na majigambo ya udereva ninayo. Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali Mbinga, nyuzi za upasuaji zikiwa bado tumboni, alitaka arudi kwake Liuli. Shemeji akaniazima gari yake ndogo ya oto. Niliipokea kwa dharau. Gari isiyo na klachi, kuna nini cha kujifunza? Shemeji akanionyesha: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ni fri, magurudumu hayashikwi na injini, D ya kwenda. Chini ya D kulikuwa na 2 na L.

"Hizo achana nazo, shemeji. Mimi mwenyewe sijawahi kuzigusa."

Tukacheka, nikaondoka.

Saa tisa alasiri, ukungu umeshuka, tukafika juu ya mteremko mkubwa wa kwenda ziwani. Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara, koti la mvua la kijani, hana mzigo wowote.

"Mwanangu, mpandishe huyo babu," mama akasema. "Mvua inakuja."

Nikasimama. Mzee akakaa mbele, akafunga mkanda bila kuambiwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Kimya. Mama naye akaamkia. Kimya. Wewe umemwona wapi mzee wa huku asiyeitikia shikamoo? Nikajisemea labda masikio yake mazito.

Sasa sikia ujinga wangu. Sisi wa malori, mteremko tunauachia fri ili mafuta yabaki kwenye tanki. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofanya: gia nikaisukuma N, gari ikateremka yenyewe, nikawa naishika kwa breki tu. Mzee akageuka akaniangalia kwa mara ya kwanza. Kona ya tatu nikasikia harufu ya breki kuungua. Ya nne pedali ikalainika. Ya tano ikagusa sakafu na mwendo haukupungua. Nikarudisha D, haikusaidia kitu. Nikavuta breki ya mkono, ikalia tu.

Niamini, hapo sikuwa dereva tena. Nilikuwa abiria aliyeshika usukani. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili ukungu mtupu.

"Mwanangu, breki zipo?"

"Zipo, mama."

Nilimdanganya mama yangu huku nikimpeleka kufa, na sikuwa na kingine cha kumpa.

Ndipo mkono wa mzee ukaja juu ya wangu, pale kwenye gia. Ulikuwa wa baridi kuliko maji ya mtungi alfajiri ya Juni. Nikajaribu kuuchomoa wangu, nikashindwa. Akavuta gia hadi 2. Injini ikanguruma, tukasukumwa mbele, mama akalia kwa maumivu. Mzee akangoja mwendo upungue kidogo. Kisha akanibana kidole gumba kwenye kitufe cha gia na kuvuta tena, hadi L. Gari ikaanza kujishika yenyewe, ikivuma, mpaka ikawa inakwenda kama baiskeli. Kona zote zilizobaki alinishikilia hivyo. Mimi nilizungusha usukani tu.

Chini kabisa, ziwa linapoonekana, gari ikasimama kwenye tambarare. Kando yangu sauti ikasema polepole, "Marahaba."

Nikageuka. Kiti kitupu, mlango umefungwa, na mkanda bado umefungwa, umekaza kana kwamba kuna kifua ndani yake.

Tukafika Liuli. Fundi aliyeikagua gari alisema mafuta ya breki yalichemka, akaniuliza nani alinifundisha kushuka na L. Nikamwambia ni shemeji. Ningesemaje?

Mkono wangu wa kushoto haujapata joto tangu siku ile. Nashika kikombe cha chai ya moto, sisikii kitu. Na kwenye lori nikitaka kuweka fri, unagoma. Basi nimejiwekea desturi: pale juu naamkia, nashuka kwa gia nzito, na nikifika chini naitikiwa. Kila mara.

Kwa hiyo wewe uliyeazima gari ya oto, ulizia 2 na L kabla hujaondoka, ukazijaribu kwenye tambarare, na mteremko usiuachie fri. Usingoje kufundishwa na aliyenifundisha mimi, maana yule hashuki mpaka aitikie. Juzi nimemrudisha mama kliniki kwa gari ile ile. Nilipokuwa namrejesha Liuli, niliamkia pale juu kama kawaida, nikafika chini, nikasubiri. Nikaendesha hadi mlangoni kwa mama, nikazima injini. Mpaka ninapokusimulia haya sijaitikiwa, na mkanda wa kile kiti cha mbele umejifunga, siwezi kuufungua.