Kiti cha Kabula

Mwezi Machi 1999 tulimzika Kabula, mtu wa kwanza niliyemjua kuandika programu za kompyuta. Jumatatu iliyofuata nikapewa kiti chake.

Mimi na yeye tulianza kazi siku moja, wanunuzi binafsi walipoingia Bariadi kununua pamba iliyokuwa ya ushirika peke yake. Mmoja wao alijenga kiwanda cha kuchambua pamba, akatuajiri wapiga chapa wawili, wote wa darasa la saba. Kompyuta ilikaa katika chumba chenye pazia zito, maana nyuzi za pamba ziliingia kila mahali. Viatu tulivua mlangoni.

Asubuhi ya siku hiyo ya kwanza Meneja akatuita. "Mmoja wenu aende Mwanza akajifunze kuiandikia programu. Nani?"

Tukatazamana. Akamnyooshea kidole Kabula. "Wewe unachekacheka. Hutaiogopa mashine."

Mpaka leo natafuta sababu nyingine, siioni.

Kabula alirudi na maneno mapya. Programu, alinieleza, ni amri zilizopangwa na kupewa namba. Mashine inatii mstari kwa mstari, haikisii kitu. Jenereta iliwashwa wakati wa kuchambua pamba tu, kwa hiyo aliandika kwenye karatasi na tukaijaribu bila kompyuta. Yeye alisoma amri, mimi nikawa mashine. Vifuniko vya soda vilikuwa mahali pa kutunzia hesabu, na mbegu za pamba ndani yake zilikuwa kilo.

Siku moja nilihamisha mbegu, nikarudi mstari wa ishirini, nikahamisha, nikarudi tena.

"Mayu," Kabula aliniita kwa Kisukuma, yaani mama, "mbona husimami?"

"Hujaniandikia nisimame."

Akacheka mpaka akalalia meza. "Wewe ni mashine nzuri kuliko ile ya chumbani!"

Alidhani ananisifu.

Meneja wa pili, aliyehamia kutoka Maswa, alipoleta wageni aliwaonyesha Kabula: "Huyu ndiye injinia wetu." Mimi nilileta chai. Nilimpenda sana Kabula, na wivu haukupungua kwa sababu hiyo.

Malaria ilimchukua ghafla. Nililia msibani, nikalia tena kwenye kiti.

Msimu uliofuata wanunuzi waligombania pamba, bei ikapanda katikati ya msimu, na programu yake ilijua bei moja tu. Nikaandika nyingine, tangu mstari wa kwanza. Ilipokubali, niligeuka kumwonyesha Kabula. Nilitaka aione, na nasema kweli, nilitaka imuume kidogo.

Ninyi vijana mnaojifunza kwa simu mnasoma habari za waanzilishi wa kompyuta, watu wa nchi za mbali. Wa kwetu aliacha kandambili mlangoni. Nimestaafu na bado namwonea wivu, naye hana la kunijibu. Huo ndio upweke wenyewe.

Siku ya kuniaga, Meneja wa tatu, kijana, alisema, "Tunamshukuru mama yetu kwa kuitunza programu ya marehemu Kabula miaka yote hii."

Nikasimama. "Meneja, ile ya Kabula tuliiacha zamani. Hii niliiandika mimi."

Akatabasamu, akawageukia watu. "Mnaona alivyomfundisha vizuri?"

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.