Nilikokotoa maji ya kumkanda mama wa mwanafunzi wangu, nikamuunguza mguu

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hii ya leo sijaitia chumvi hata punje. Bado naona aibu, kwa hiyo mkinicheka mcheke taratibu.

Nafundisha tuisheni ya fizikia na hesabu hapa Bagamoyo mjini. Hasira zangu ziko karibu, nakiri. Mwanafunzi akiniuliza kitu ambacho hakimo kwenye mtihani, namjibu kwa mkato.

Kuna binti wa kidato cha tatu, tumwite Mwanaidi, anatokea Kaole. Maswali yake hayaishi.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya joto, unachanganya maji ya moto na ya baridi kisha unatafuta joto la mwisho. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nikitaka yawe 37, nichanganye makopo mangapi kwa mangapi?"

Nikamuuliza ya nini. Akasema mama yake ana sukari, miguu imekufa ganzi, na kila siku akitoka shule humkanda kwa maji ya vuguvugu. Hospitali walisema yasizidi joto la mwili, na nyumbani hawana kipimajoto.

Basi nikajiona bingwa. Nikashika chaki, nikaandika equation ubao mzima: yanayochemka 100, ya baridi 25, kopo moja kwa matano, jibu 37 na nusu.

Darasa likapiga makofi (na mimi makofi nayapenda, sitaficha).

"Hesabu haidanganyi," nikamwambia. "Kamkande mama."

Kesho yake hakuja. Keshokutwa akaja, akasubiri wenzake watoke.

"Shikamoo mwalimu. Ile 25 uliitoa wapi?"

"Kitabuni."

"Maji yetu yanakaa kwenye tenki jeusi, juani kutwa nzima."

Wakuu, jua la huku mnalijua. Fungua bomba la tenki alasiri uone kama hutarudisha mkono. Ukiweka 40 badala ya 25, jibu linakuwa 50. Alikuwa ameshalikokotoa mwenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko safi kabisa.

Siku zote alikuwa akipima kwa kiwiko. Siku hiyo hakupima, kwa sababu mimi nilisema.

Mama aliingiza mguu akasema maji mazuri. Mwanaidi akaenda kuanua nguo. Aliporudi na kutia mkono ndipo akaruka, na mguu ulikuwa umeshaanza kufanya malengelenge.

Mguu wa mtu wa sukari, kidonda chake si cha mchezo.

Nikapanda bodaboda papo hapo mpaka Kaole. Njia nzima natunga maneno ya kuomba radhi. Nikamkuta mama amekaa mkekani, mguu umefungwa bendeji. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, na yale maneno yote yakapotea. Nikalia, wakuu. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mama akanishika bega.

"Mwanangu, mimi sikusikia kitu. Naona aliyeungua ni wewe."

Kisha akasema, "Nakuomba kitu kimoja tu. Huyu binti yangu zamani alikuwa akimuuliza baba yake. Tangu marehemu aondoke, wewe ndiye unayemjibu. Asije akaacha kuuliza kwa sababu ya mguu huu."

Mwanaidi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri nitasema nini.

Nikamwambia aulize mpaka nichoke, na nikichoka aniache nipumzike, kisha aulize tena.

Alhamdulillahi kidonda kilifunga, ingawa mama alikwenda zahanati kubadilisha bendeji mara nyingi sana. Mwanaidi amerudi kwenye kiwiko chake, na mimi nimemnunulia kipimajoto.

Nilichojifunza: namba ya kitabuni haijawahi kufika nyumbani kwa mwanafunzi wako. Muulize kwanza kwao kukoje.

Juzi ameniuliza kwa nini maji ya mtungini ni baridi kuliko ya kwenye ndoo, na yote yamekaa kivulini. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia, "Lete mtungi tupime."

Walimu wenzangu, na nyie mliowahi kunyamazishwa darasani, ni swali gani bado linawakaa moyoni? Andikeni hapa chini, nitasoma yote.