Taya Langu Lilipokataa Kufunga Mbele ya Prefe

Musicheke. Najua mutacheka, kwa sababu siku ile kwenye uwanja wa shule walicheka wote, hata mama anayetuuzia mandazi alicheka mpaka akashika ukuta asianguke, lakini mimi nikikumbuka damu bado inachemka, na kama ninasimulia aibu yangu mwenyewe ni kwa sababu wengine wameisimulia vibaya toka mtaa wa Ndosho mpaka kule Kibati, na nimechoka na uongo wao.

Naitwa Espoir, niko sekondari, na Mungu alinipa kipaji kimoja tu (hesabu alimpa mutu mwingine): nabeba kiti kwa meno. Kiti cha plastiki, nakiuma kwenye mguu, naachilia mikono, kinasimama juu angani na mimi nacheza. Kwa kipaji hicho niliingia katika kikundi cha shule kilichokuwa kinaenda kushindana na shule zingine, na hiyo haikuwa kazi rahisi, maana prefe, mkuu wa shule yetu, ana hasira na mimi tangu nilipoiga mwendo wake mbele ya klasi bila kujua kwamba yeye mwenyewe yuko mlangoni. Aliniambia wazi: "Espoir, ujinga mmoja tena, unatoka katika kikundi."

Sasa sikilizeni. Nilivunja chego la chini nikifungua Fanta kwa meno (ndiyo, kifungulio kilikuwa mezani, munyamaze). Mama akanipeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole, akaliziba vizuri, kisha akaniwekea karatasi ya bluu katikati ya meno.

"Uma. Saga polepole. Unasikia kama jino moja linatangulia kugusa?"

Nitasikia nini na shavu limekufa ganzi kama la mutu mwingine! Alitaka ningoje ganzi iishe, apime tena. Lakini mpira ulikuwa unaanza, marafiki wananipigia miluzi dirishani, nikamwambia, "Iko bien, mama daktari, iko sawa kabisa," nikaruka nje.

Bien gani? Ganzi ilipoisha nikafunga kinywa, na kinywa hakikufungika. Lile chego lilikuwa limezidi wenzake kidogo tu, unene wa ganda la kitunguu, likagusana na la juu peke yake, na mengine yote yakabaki yananing'inia bila kazi. Taya likaanza kutafuta fasi ya kutulia. Mbele, hapana, kushoto, afadhali, basi nikatembea na kidevu kimepinda kushoto kama mutu anayesikiliza maneno ya jirani, na kila asubuhi mashavu yamechoka kana kwamba nimetafuna viatu. Kusema? Sikusema. Mama angenikataza kiti, na Bahati, yule mwenye kukariri mashairi kwa sauti ya mbuzi, alikuwa anangojea nafasi yangu.

Siku ya sherehe ya shule wazazi walijaa, prefe akakaa mstari wa mbele na sahani yake ya fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikauma mguu wa kiti. Zamani nikiuma, juu na chini vinashikana kama koleo; siku hiyo nguvu zote ziliangukia jino moja, taya likateleza, kiti kikaanza kuzunguka, nikapanua kinywa kwa nguvu nisivunjwe meno, kitu kikalia "ka!" karibu na sikio, na kiti kikatua kwenye sahani ya prefe. Sambaza zilipaa. Moja ilimwingia katika mfuko wa shati.

Na kinywa changu kikabaki wazi. Nikijaribu kufunga, hakiji.

"Espoir! Unaona ile umefanya?"

"Aaaa," nikajibu.

"Funga kinywa wakati ninasema na weye!"

"Aaaa!"

"Ananiiga tena! Mbele ya wazazi! Funga, nimesema!"

Nikaonyesha taya kwa vidole, machozi na mate vinashuka pamoja, na kadiri nilivyoonyesha ndivyo walivyopiga makofi. Bahati akapaza sauti: "Huyu mutoto ndiye komedyen, mchekeshaji wa kweli!" Rafiki zangu, wale wale wa miluzi dirishani, walitoa simu kunipiga picha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ninaumia, hata mmoja! Nikawatukana wote, mmoja mmoja kwa jina lake, lakini kilichotoka ni "aaaa" tu, na prefe akatangaza: "Ametoka katika kikundi. Tangu leo."

Mama peke yake hakucheka (alicheka kidogo mwanzoni, nilimwona). Akasimamisha moto, pikipiki ya abiria, nikakaa katikati yake na dereva, kinywa wazi, nikameza vumbi lote la barabara. Daktari akaweka vidole gumba juu ya magego yangu ya nyuma, akasukuma chini kisha nyuma, taya likarudi. Halafu ile karatasi ya bluu: alama moja nene, juu ya lile chego tu. Akalisugua, nikauma, akasugua tena, mpaka alama ndogo ndogo zikatokea pande zote mbili.

"Meno ya juu na ya chini yanategemezana," akasema. "Yakikutana yote kwa pamoja, taya linajua lisimame wapi, na misuli inapumzika. Moja likitangulia, taya linahama kulikwepa. Sasa ile 'iko bien' yako, ulikuwa unamudanganya nani?"

Mama akaenda kumweleza prefe.

"Mama, sasa ninaamini," prefe akajibu. "Lakini mutoto yako hata angekufa pale mbele, tungepiga makofi kwanza."

Nafasi ilikuwa imeshatolewa kwa Bahati.

Nimeapa sitabeba tena kitu kwa meno isipokuwa chakula. Siku kikundi kilipoondoka kwenda kushindana, mimi nilibaki nyumbani natafuna mahindi ya kuchoma kwa hasira, kulia, kushoto, kulia, magego yote yanakutana sawasawa, taya limetulia kama jiwe, na hakuna mutu wa kumwonyesha.