Mnara Ulioshushwa Kabla ya Masika

Nilipoingia kazini, idara ya majengo ya kale ilikuwa na wakaguzi wawili kwa Unguja nzima, ngazi moja ya mbao, na kabati la majalada ambalo ufunguo wake hukaa nao Mkuu wa Idara mwenyewe. Ngome za pwani, nyingine za asili ya Wareno, nyingine za watawala wa Kiomani, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Za mjini zilitunzwa kwa kadiri. Za shamba ziliachiwa popo.

Siku ya kwanza Mkuu alinipokea wima, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Weye ndiye uliyesoma?"

"Naam, Bwana Mkuu."

"Basi utakwenda kusini. Waliosoma wa hapa mjini wananitosha."

Nikapelekwa kwenye ngome ndogo ya pwani ya kusini, yenye mnara mmoja wa duara uliopasuka upande wa bahari. Nililala katika chumba cha zamani cha walinzi, na juma zima huweza kupita nisisikie sauti yangu isipokuwa katika sala. Ijumaa pekee nilikula na watu, nyumbani kwa Fundi Makame, mwashi wa kijijini, ambaye baba na babu yake ndio waliokuwa wakiupaka chokaa mnara ule.

Kazi yangu ilikuwa kuupima ufa. Tulitumia kioo: kipande chembamba hugandishwa kwa plasta juu ya ufa, ncha moja upande huu, ya pili upande ule; ukuta ukisogea, kioo huvunjika. Nilikigandisha mvua za masika zilipokwisha, nikakitazama kila asubuhi. Katikati ya kiangazi nilikikuta kimekatika.

Fundi Makame alicheka.

"Kioo cha kunyolea ndevu ndicho kinachokusomesha ukuta, Bwana Mkaguzi?"

"Shikamoo, Fundi. Ukuta unasogea."

"Marahaba. Unasogea, ndiyo. Kiangazi huufumbua ufa, masika huufumba. Babangu kaukuta hivyo. Ngoja masika, mwanangu, kisha uandike."

Nilikwenda mjini na daftari langu. Mkuu alilisoma mara mbili, nami nikamtajia Fundi Makame.

"Masika yaja. Mnara ukimwangukia mtu, atajibu nani?"

"Mimi, Bwana Mkuu."

"Na huyo fundi wako?"

"Anasema tungoje."

"Kaandika wapi?"

Hakuwa ameandika popote. Mimi nilikuwa na kurasa arubaini. Nikapendekeza mnara ushushwe hadi kimo cha mtu, nikatia saini.

Fundi Makame alikataa kazi ya kubomoa, wakaletwa vibarua kutoka mjini. Siku ya tatu moyo wa ukuta ukawa wazi. Mawe ya kufungia, yale marefu yanayoshika uso wa nje na wa ndani pamoja, yalikuwa mahali pake, wala hakuna lililovunjika. Boriti za mikoko zililia kama chuma zilipogongwa. Ufa uliishia kwenye ganda la nje, kina cha kiganja. Kioo hakikusema uongo: ukuta ulisogea. Mimi ndiye ambaye sikungoja kuona kama ungerudi.

Fundi alikuja, akatazama, akasema, "Haya. Ushauona ndani," akaondoka.

Nilimwandikia Mkuu ukurasa mmoja wa kukiri kosa. Akanirudishia.

"Mnara ushashuka. Karatasi hii itamjenga nani?"

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Miaka miwili niliyobaki kusini, nilipita kwa Fundi Makame kila Ijumaa baada ya sala. Watu wamezunguka sinia barazani. Nilisalimu, akaitikia kwa adabu kamili. Neno moja hakunipa: karibu. Kwetu huambiwa hata mpita njia asiyejulikana.

Baadaye nilipandishwa cheo, nikakagua majumba ya Mji Mkongwe hadi nilipostaafu. Sasa nakaa Mbweni, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza habari za chokaa na boriti. Nawaambia wapime mwaka mzima, misimu yote, kabla ya kuandika neno "hatari". Na wakimkuta mwashi mzee, maneno yake wayatie katika daftari, kwa jina lake. Hawaniulizi nimeyajuaje.

Mnara haukujengwa tena. Mawe yake yalitandazwa kwenye njia ya magari ya wageni, na Fundi Makame alifariki kabla sijamwambia kuwa yeye ndiye aliyesema kweli.